Saa ya kupima moyo: mbele ya kutosha feza, jua inapima nini

Siku ya Mungu asubuhi, mbele jua halijawa kali, barabara za Lubumbashi zinajaa bantu ba mbio: vijana ba Kenya na Katuba, bamama ba Kampemba, bababa bengine bametoka tu ku kazi ya usiku. Ku mikono ya bengi sasa inaonekana saa yenye kuandika mapigo ya moyo. Ku soko na mu magazini ya muji zinauzishwa za kila namna, na zinafanana sana kwa macho, lakini bei zao hazifanane hata kidogo. Mutumikaji wa mugodi mwenye kungojea mushahara wa mwisho wa mwezi anajiuliza: hii ni kintu ya maana, ao ni pambo tu?

Swali ni la maana, juu kazi ya mugodi inatumikisha moyo. Joto, kubeba bizito, kupanda na kushuka, kulala muchana na kutumika usiku: vyote vinaupa moyo muzigo. Tena muntu anaweza kuwa na mikono ya nguvu, kumbe tansio yake iko juu siku nyingi na hasikie kitu. Ule muntu akianza mbio za haraka siku moja bila kujipima, anajitia mu hatari.

Inapima namna gani?

Kampuni ya Finland, Polar, iliyoanzishwa mwaka 1977, njo ilitoa mu 1982 saa ya kwanza ya kupima moyo bila waya. Ilitumika na mukanda wa kufunga ku kifua. Mukanda ule unasikia umeme mudogo wenye moyo unatoa kila ukipiga. Hata leo, mukanda wa kifua njo unapita saa ya mukono kwa kusema kweli, zaidi kama muntu anakimbia kwa nguvu.

Saa ya mukono peke yake inatumika namna ingine. Igeuze uangalie chini: kuko taa ndogo ya rangi ya majani. Damu inameza mwangaza wa rangi ile. Kila moyo ukipiga, damu inajaa mu mishipa ya mukono, na mwangaza wenye kurudi unapunguka. Saa inahesabu vile mwangaza unapanda na kushuka.

Ukijua hivyo, unajua pia kwa nini inakosea. Kama mukanda umelegea, mwangaza wa inje unaingia. Kama unakaza mukono juu ya nyundo, chepeo ao chuma cha mazoezi, mishipa inabanwa. Tatuu inazuia mwangaza. Na ngozi nyeusi inameza mwangaza huo zaidi kuliko ngozi nyeupe. Basi saa ya taa dhaifu inaweza kupoteza hesabu ku mikono yetu. Dawa ni hii: funga saa vidole viwili juu ya mufupa wa kiwiko cha mukono, ikaze bila kuumiza.

Jaribu mbele ya kulipa

Usisikilize paka maneno ya muuzishaji. Mwambie: «Ndugu, acha niijaribu kwanza.» Vaa saa, kaa kimya dakika tano. Weka vidole viwili ku mushipa wa mukono mwingine, upande wa kidole kikubwa, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Hesabu yako na ya saa zikiachana kwa mapigo matano ao chini, ni muzuri. Kisha ruka-ruka dakika moja, hesabu tena. Kuko saa zenye kusema kweli kama umekaa, lakini ukitoka jasho zinabaki paka ku 80. Ile haina ya mazoezi.

Tosha saa, iweke juu ya meza. Kama inaendelea kuandika mapigo 72, 75, 74 kama vile meza iko na moyo, rudisha, enda zako.

Angalisho ingine: saa yenye kuahidi kwamba itapima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, usiiuze. Mwezi wa pili 2024, ofisi ya Marekani yenye kuchunga dawa na vyombo vya unganga, FDA, ilitangaza kwamba haijakubali saa yoyote ao pete ya kufanya kazi ile. Mugonjwa wa sukari mwenye kuifuata anaweza kukosea kipimo cha dawa, na ile inaweza kumuua.

Bintu vya kuangalia

Betri kwanza. Na delestaji yetu, saa yenye kuomba umeme kila siku itakuwa imezimika siku yenye unaihitaji. Tafuta yenye kuweza kukaa juma moja. Maji pili: alama ya 5 ATM inatosha kwa jasho, mvua na kuoga. Telefone tatu: uliza kama saa inaonyesha mapigo yenyewe, bila intaneti, na kama programu yake inaingia mu telefone yako. Ukiuza ya mukono wa pili, mwenyewe aifungue na kufuta konti yake mbele yako, kama sivyo utabaki na saa yenye kufungwa. Mwisho, mukanda: kama ukikatika, utapata mwingine?

Namba zenye kusaidia

Hesabu ya kawaida ni 220 kutosha myaka yako. Baba wa myaka 45: 220 kutosha 45, inabaki 175. Ile njo mapigo ya mwisho ya moyo wake, karibu-karibu. Inaweza kukosea kwa mapigo 10 ao zaidi. Mazoezi ya kadiri ni kati ya 64 na 76 kwa mia: kwake, 112 mpaka 133. Kupita pale ni mazoezi ya nguvu. Shirika la Afya Duniani linaomba mutu mukubwa afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Ukiweza kusema lakini huwezi kuimba, uko mu kadiri.

Mu mwezi wa kumi, joto likiwa kali, mapigo yanapanda hata kama mwendo ni ule ule. Punguza mwendo, kunywa maji. Na kama unakunywa dawa ya tansio kama atenolol, dawa ile inashusha mapigo. Hesabu hizi si zako, uliza munganga.

Namba yenye faida zaidi ni ya asubuhi, mbele ya kutoka ku kitanda. Iandike kila siku. Siku yenye inapita ya kawaida kwa mapigo 10, mwili unakuambia kitu: usingizi haukutosha, ao homa inakuja. Siku ile hapana mbio.

Kama feza haitoshi

Ada ya shule ya batoto inapita saa. Kuko jaribio la Ruffier, lenye jina la munganga Mufaransa, na linaomba paka saa yenye kuhesabu sekunde. Pima mapigo ukiwa umekaa. Chutama na kusimama mara 30 ndani ya sekunde 45, pima mara moja. Pumzika dakika moja, pima tena. Jumlisha zote tatu, tosha 200, gawanya kwa 10. Mufano: 70, 130 na 90 ni 290, kutosha 200, inabaki 90, jibu ni 9. Chini ya 5 ni muzuri. 5 mpaka 10 ni wastani. Kupita 10, anza polepole. Kupita 15, ona munganga kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo ao magoti asilifanye.

Kile saa haione

Tarehe 26 mwezi wa sita 2003, mu Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroun alianguka mu uwanja na akakufa. Alikuwa na myaka 28, muchezaji wa kazi, na nyama ya moyo wake ilikuwa imenenepa bila kujulikana. Saa inahesabu mapigo. Haione ugonjwa kama ule, wala tansio. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, ao pumzi inakatika kupita kawaida, simama na uende hospitali, hata kama saa inaandika namba ya muzuri.

Ku mugodi, karibu na mikanda na mashini zenye kuzunguka, tosha saa, juu inaweza kuvuta mukono. Uliza chef wa usalama mbele ya kushuka nayo.

Basi, kama visite ya munganga bado, anza na ile: pimisha tansio, uliza kama mbio zinakufaa. Kisha feza ikibaki, uza saa. Bababa na bamama bengi ba myaka 40 na kupita watagundua kwamba kutembea haraka nusu saa, mara tano kwa juma, na vidole viwili ku mushipa, kunatosha kuanza.