Ramani za kompyuta zinavyofichua vitovu vya malaria

VYANDARUA, dawa na fedha za kupambana na malaria ni nadra kutosha kila mahali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila mvua inapokaribia, maafisa wa afya hukabiliwa na swali lile lile: waanzie wapi? Ramani za kompyuta zinaweza kuwasaidia kulijibu, mradi wanaozitumia waelewe jinsi zinavyofanya kazi na jinsi zinavyoweza kupotosha.

Mfumo wa taarifa za kijiografia, unaofahamika kwa kifupi kama GIS, huunganisha mahali na habari zinazohusu mahali hapo. Mgonjwa haandikwi kwa umri na maradhi yake pekee, bali pia kwa latitudo na longitudo ya boma analotoka. Programu kama vile QGIS, ambayo hutolewa bila malipo, hugeuza orodha hiyo kuwa nukta kwenye ramani.

Fikra yenyewe si ngeni. Mnamo 1854, kipindupindu kilipowaua mamia ya wakazi wa Soho jijini London, daktari John Snow alionyesha vifo hivyo kwenye ramani. Vilikuwa vimesongamana kandokando ya bomba la maji la Broad Street. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa kasi zaidi na kwa hesabu kamili.

Ili kupima msongamano, programu hupita kila sehemu ya ramani na kuhesabu nukta zilizo ndani ya duara la upana fulani, huku nukta za karibu zikipewa uzito kuliko za mbali. Matokeo yake ni ramani ya rangi, ambapo nyekundu aghalabu huashiria palipo na wagonjwa wengi.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Duara la mita 200 litaleta madoadoa yasiyo na maana, ilhali la kilomita 10 litafuta tofauti zote baina ya vijiji. Takwimu ni zile zile, lakini ramani ni mbili tofauti.

Mtego wa pili ni idadi ya watu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 6,247 kwa kila kilomita mraba, na Marsabit watu sita tu. Ramani inayohesabu wagonjwa pekee itaonyesha watu wanakoishi, wala si wanakougua zaidi. Tuseme kijiji cha watu 4,000 kina wagonjwa 80, na kingine cha watu 500 kina wagonjwa 40. Cha kwanza kitang'aa kwa wekundu, lakini cha pili ndicho kilichoathirika mara nne zaidi.

Mtego wa tatu ni bahati nasibu. Mtu akirusha konzi ya mahindi sakafuni, baadhi ya punje zitaangukia pamoja pasipo sababu. Kwa hivyo kompyuta huchanganya nukta mara nyingi, pengine mara 999, na kulinganisha. Mkusanyiko huhesabiwa kuwa kitovu cha kweli iwapo tu umezidi takriban yote iliyotokea kwa bahati.

Mfano bora uko Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wameweka maboma ya eneo la takriban kilomita mraba 900 kwenye ramani. Katika utafiti uliochapishwa 2014, walichunguza maboma 1,500. Hawakuhesabu wagonjwa tu, kwa sababu wanaoishi karibu na zahanati huhudhuria zaidi kuliko walio mbali. Badala yake, waliuliza: kati ya watoto waliokuja na homa, ni wangapi waliopatikana na malaria?

Walichogundua ni vitovu ndani ya vitovu, hadi kufikia boma moja. Aidha, vitovu hivyo havikutulia. Vilihamahama kadiri muda ulivyopita. Hata hivyo, ilidhihirika kuwa mwezi mmoja wa uchunguzi ungeweza kuelekeza kazi ya mwezi unaofuata, katika maeneo yenye nusu kipenyo cha kilomita nne.

Je, kukishambulia kitovu kunatosha? Jaribio lililofanywa Rachuonyo Kusini mnamo 2012 lilitumia vyandarua, dawa za kunyunyizia kuta, dawa za kuua viluwiluwi vya mbu na tiba kwa wakazi wa vitovu. Maambukizi yalipungua kiasi ndani ya vitovu, lakini nafuu hiyo haikudumu, na vijiji jirani havikunufaika.

Funzo ni kwamba ramani huonyesha pa kutazama, wala haitibu. Boma lililo nje ya doa jekundu halijasalimika, na kulinyima chandarua kwa sababu ya rangi ya ramani ni kuhatarisha mtoto.

Kuna pia suala la siri. Nukta inayoonyesha boma la mgonjwa humtambulisha kwa majirani hata kama jina lake halikuandikwa, na kwa maradhi yanayoandamana na unyanyapaa madhara yake ni makubwa. Busara ni kuchapisha ramani ya kata au tarafa, huku ile ya maboma ikibaki mikononi mwa wahudumu wanaoihitaji.

Afisa anayeletewa ramani nyekundu basi ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuidhinisha matumizi: duara lina upana gani, idadi ya watu imezingatiwa, na takwimu ni za mwezi gani?