Wi-Fi Imezima na Kampuni Inakuzungusha? Fanya Hivi Upate Haki Yako

Umelipa Wi-Fi ya mwezi, siku ya tatu imezima. Unapiga simu, unawekewa muziki hadi credo inaisha. Simu ikishikwa, unaambiwa "tunashughulikia." Wiki mbili baadaye, ile taa nyekundu bado inakuangalia tu.

Inaudhi, lakini usimtusi yule msee wa kastoma kea. Si yeye alikata waya. Rada ni hii: maneno ya simu hupotea, maandishi hubaki.

Kwanza, kila ukipiga, itisha namba ya malalamiko. Bila hiyo, kesho unaanza upya na mtu mwingine. Andika tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia. Meseji ya malipo usifute.

Pili, tuma imeli fupi. Usiishie kusema "mnanikosea". Sema unachotaka na siku ya mwisho. Kwa mfano: "Nililipa Sh2,500 tarehe 1. Mtandao ulizima tarehe 3. Nimeripoti mara tatu, namba ni hizi. Naomba mrekebishe na mnirudishie siku nilizokosa kabla ya Ijumaa." Mwenye makelele ni rahisi kumpuuza. Mwenye hesabu je?

Tatu, Ijumaa ikipita na wamenyamaza, panda ngazi. Mambo ya simu na intaneti yanaenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Lakini CA hutaka uwe umelalamikia kampuni kwanza, ndio maana zile namba ni muhimu. Stima ni EPRA, benki ni Benki Kuu, bima ni IRA.

Na usidhani unaomba msaada. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia ukipata hasara.

Wakikauka kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa Wi-Fi ya mwezi mmoja huenda usifike huko. Lakini kama ni duka limekula deposit yako ya elfu 80, usiwaachie.

Kwa hivyo leo kabla ulale, tafuta ile meseji ya malipo. Hapo ndipo unaanzia.