Silinda Chini ya Sitaha

Boti mbili za pontuni zenye urefu mmoja na viti idadi moja zinaweza kutofautiana sana uwezo. Familia nyingi za Marekani zinazotafuta chombo cha matembezi ya ziwani huhesabu viti, hujaribu spika, kisha hudhani zimekwisha kulinganisha. Upana nao hausaidii: nyingi hukomea mita 2.6 hivi, kwa kuwa ndio upana unaoruhusiwa kwa kawaida kuvutwa kwa trela barabarani bila kibali maalumu.

Mzigo hubebwa na silinda za alumini. Tangu mkulima Ambrose Weeres wa Minnesota alipoweka jukwaa la mbao juu ya silinda za chuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kanuni ni ileile: chombo huinuliwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Kwa hiyo swali la kwanza ni kipenyo. Silinda ya inchi 23 ina ujazo wa lita 268 hivi kwa kila mita. Ya inchi 25, lita 317. Inchi mbili tu, lakini kwa jozi ya mita 6 ziada hupita lita 580, yaani zaidi ya kilo 580 za maji baridi. Ncha zilizochongoka hupunguza hesabu hiyo kidogo. Wala si ruhusa ya kupakia kilo 580 zaidi, kwani silinda haikusudiwi kuzama yote. Maana yake ni kwamba kwa mzigo uleule, boti ya pili hukaa juu zaidi.

Wapo wanaoshikilia kwamba silinda iliyoshindiliwa hewa huelea vizuri zaidi. Ni upuuzi mtupu. Hewa ina uzito. Ikiongezwa ndani ya silinda isiyotanuka, boti huwa nzito zaidi, hata kama ni kwa gramu chache. Cha kuuliza ni kama silinda imegawanywa vyumba vilivyozibwa, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kubeba.

Silinda ya tatu hufaa ziwa lenye mawimbi na injini kubwa. Katika ziwa dogo, kwa mwendo wa taratibu, huongeza bei na uzito bila faida kubwa. Pia haizuii boti kulalia upande kama wengi wanavyoamini: ikiwa katikati, kazi hiyo huachia zile za pembeni. Hatari inayosahaulika iko mbele. Watu wote wakijazana omoni boti ikiwa mwendoni, omo huweza kuchimba maji na kuyaingiza sitahani.

Kibao cha uwezo kisomwe kwa kilo, maana mafuta, jokofu la barafu na nanga navyo ni mzigo. Lita 100 za petroli pekee hukaribia kilo 75. Jaketi za kuokolea zinunuliwe kwa vipimo vya watoto wenyewe: sheria ya shirikisho huwataka walio chini ya miaka 13 wazivae boti inapokwenda, isipokuwa jimbo limeweka umri wake. Boti zote mbili zijaribiwe majini na familia nzima ndani, na omo itazamwe wakati injini inapopunguzwa ghafla.