Ugumu wa Maji na Afya ya Samaki

Mwanachama wa Lusu, wilayani Nzega, akinga maji ya mvua katika lambo na kupandikiza perege, hujiuliza kama maji hayo yanafaa. Mara nyingi hupima pH tu, yaani kiasi cha tindikali. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali, na kila hatua ni tofauti ya mara kumi. Perege hustawi kati ya 6.5 na 9.

Lakini kipimo kimoja hudanganya. Mchana mwani hutumia hewa ya ukaa, na pH hupanda. Usiku viumbe vyote hupumua, hewa hiyo huongezeka, na pH hushuka mpaka alfajiri. Kinachotuliza mabadiliko hayo ni chokaa iliyoyeyuka, ambayo pia huyafanya maji kuwa magumu. Ziwa Tanganyika, ilikofika njia ya misafara ya kutoka Tabora hadi Ujiji, lina maji magumu kiasi na pH ya karibu 9. Anayefuga samaki wake wa mapambo katika tangi la kioo lenye maji laini hana budi kuongeza madini. Maji ya mvua ni laini, ndiyo maana sabuni hutoa povu upesi.

Basi maji yapimwe alfajiri na alasiri. Tofauti ikiwa kubwa, chokaa ya kilimo itiwe kidogo kidogo. Chokaa isiyozimwa isitiwe kamwe bwawani penye samaki: hupandisha pH ghafula na huweza kuwaua wote.