Nani Anaamua Ukubwa wa Herufi?



Tunataka kueleza jambo ambalo wengi wetu huliona ni la vijana wa kompyuta tu. Tunaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Tuliandika kwa mkono tangazo kuhusu madai ya ajali za kazini: kila anayedai alete karatasi zake ofisini kabla ya Ijumaa. Tukalipiga picha kwa simu, tukaliweka kwenye ukurasa wetu wa intaneti. Watu wakaja, ila mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye macho yake yamekwisha, hakuonekana. Tulimnung'unikia kwamba amepuuza. Kumbe yeye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, na ilipofika kwenye tangazo letu ilitamka neno moja tu: "Picha." Basi akapita, kama mtu anayepita mlango uliofungwa.

Tulikwenda Buyenzi kwa mpwa wetu, ambaye kazi yake ni kutengeneza kurasa za intaneti. Msidhani ni kazi ya kukaa kivulini. Huifanya usiku nyumbani, umeme ukiwapo, mtoto wake mdogo mapajani. Mtoto akizinduka hubonyeza vitufe, na kazi ya saa nzima ikaharibika. Mgongo unamuuma kama unavyomuuma mchuma chai.

"Mjomba," alituambia, "mashine haioni picha kama unavyoiona wewe. Ukiweka picha, andika pembeni maneno ya kueleza kilichomo. Na kama ni tangazo, usiweke picha kabisa. Andika herufi."

Kisha akatufungulia kazi yake tuione. Kila ukurasa una sehemu mbili. Kuna maneno yenyewe, yaliyopangwa kwa lugha iitwayo HTML: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha. Halafu kuna maagizo ya sura, yaitwayo CSS: vichwa vyote viwe vya buluu, herufi ziwe kubwa kiasi hiki, kwenye kioo kidogo cha simu safu mbili ziwe moja. Maneno ni mwili, CSS ni nguo. Mwili mmoja unaweza kuvaa kitenge leo na koti kesho, na yule asiyeona nguo bado atausikia mwili ukisema.

Fundi mmoja wa Norwe, Håkon Wium Lie, ndiye aliyetoa pendekezo la CSS mwezi wa Oktoba 1994, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, huko Uswisi. Baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na Mholanzi Bert Bos, na kanuni ya kwanza ikatolewa Desemba 1996 na shirika la W3C, linaloweka kanuni za kurasa za intaneti. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo sisi watu wa chama tulilielewa upesi kuliko mpwa wetu alivyotarajia. Sura ya ukurasa haikuachiwa mwandishi peke yake. Msomaji naye alipewa haki ya kuweka maagizo yake: mimi macho yangu ni dhaifu, nataka herufi kubwa.

Sasa maagizo mawili yakigongana, nani anashinda? Sisi tunajua swali hilo. Tajiri ana kanuni zake za kiwanda, mfanyakazi ana mkataba wake, na juu yao kuna Sheria ya Kazi, ya kwetu ikiwa ile ya 2020. Katika CSS, kwa kawaida agizo la mwandishi hushinda. Lakini agizo linaweza kutiwa alama ya kwamba ni la lazima. Katika kanuni ya 1996, wote wawili wakitia alama hiyo, mwandishi bado alishinda. Yaani tajiri alishinda mara mbili! Mwaka 1998, kanuni ya pili ilipotolewa, jambo hilo liligeuzwa: agizo la lazima la msomaji likawa juu ya lile la mwandishi. Sababu iliandikwa wazi, kwamba wako watu wanaohitaji herufi kubwa au rangi fulani ili waweze kusoma. Tulimwambia mpwa wetu arudie maneno hayo mara mbili.

Siku hizi msomaji haandiki maagizo hayo kwa mkono. Hugusa mipangilio ya simu, akachagua ukubwa wa herufi au kioo cheusi. Hapo ndipo uaminifu wa fundi unapoonekana. Akiandika ukubwa wa herufi kwa kipimo kinachofuata chaguo la msomaji, herufi zitakua. Akiandika kwa kipimo kigumu, huenda zikakaa palepale, na mzee abaki akisogeza simu mbali na uso.

Yako masharti ya W3C juu ya mambo haya, yaliyotolewa kwanza 1999. Yale ya 2008 yanataka herufi za kawaida zitofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa kiasi cha 4.5 kwa 1 angalau. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Yanataka pia maandishi yaweze kukuzwa mara mbili bila kitu kupotea. Mpwa wetu ana kipimo chake kingine: hutoka na simu uani saa sita mchana. Herufi za kijivu zinazopendeza chumbani hufutika zote kwenye jua, na jua ndilo tunalofanyia kazi.

Inspekta wake mkuu ni mama yake, dada yetu, mwenye mtoto wa jicho. Kila jioni baada ya chakula hupewa simu na kuambiwa, "Mama, tafuta pa kuandika jina." Siku moja fomu ilimwambia asahihishe sehemu zenye rangi nyekundu. Akauliza, nyekundu ni zipi? Kosa lazima liandikwe kwa maneno. Rangi peke yake haitoshi.

Na lugha. Hapa Bujumbura ukurasa mmoja unaweza kuwa na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Fundi asipoitaja lugha, au akitaja siyo, mashine inaweza kusoma Kiswahili chetu kwa sauti ya Kifaransa. Tulisikia "wafanyakazi wote" ikitamkwa "wot", tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Kuitaja ni herufi mbili tu: sw kwa Kiswahili, rn kwa Kirundi.

Burundi ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu tangu Januari 2018. Kwa hiyo mkiona tangazo la mishahara, fomu ya madai au orodha ya zamu imewekwa kwa picha, semeni. Semeni hata kwetu.

Tangazo letu la mkutano ujao tumeliandika kwa herufi. Yule mwenzetu alilisikia siku ileile, akatupigia simu kutuambia kwamba tumeandika Jumatano mara mbili. Karatasi zake za madai tulizipeleka siku tisa baada ya za wenzake, na mpaka tunapoandika haya hajajibiwa.