Presha Ijifichayo: Baba na Mama Hawafanani

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huo wayafaa sana maradhi ya shinikizo la damu, ambayo wengi wetu huyaita presha. Humwingia mtu polepole, bila homa wala maumivu, naye akaendelea kulima, kupika na kupanda basi kwenda kazini kwa miaka mingi, hadi siku apoozapo ghafla au moyo wake ushindwapo na kazi.

Wako wanaodhani kwamba presha ni maradhi ya wakubwa wa mjini. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliowahusu wakazi wa Ilala, Dar es Salaam, na wa shamba huko Shari, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba katika sehemu zote mbili watu wazima wapatao 3 katika kila 10 walikuwa nayo. Miongoni mwao, waliojua hali yao hawakutimia 1 katika 5, na walioidhibiti hawakufika 1 katika 100. Basi hata mkulima wa Mwazye, katika uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa, asijione yu salama kwa kuwa hewa yake ni ya baridi na jembe lake halilali.

Tuchukue mfano wa mume na mke wa kijiji kama hicho. Mke akishika mimba huenda kliniki, na huko hupimwa presha. Mume haingii zahanati ila aumwapo malaria au ajikatapo kwa shoka. Yaweza kupita miaka 20 bila yeye kupimwa. Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya presha kujificha: haikutafutwa.

Namna ya pili ina hila zaidi. Mtu hupimwa, akakutwa chini ya 140 kwa 90, akaambiwa ni mzima. Kumbe awapo kazini, nyumbani au usingizini presha yake hupanda. Wataalamu wameona kwamba hali hii huwapata zaidi wanaume, hasa wavuta sigara, wanywaji wa pombe na wenye kazi za kuhangaisha akili. Mbele ya mganga mtu huyo ameketi, ametulia, wala hana sigara mkononi. Wanawake, kinyume chake, ndio ambao aghalabu presha yao hupanda mbele ya mganga kwa wasiwasi, ikashuka warudipo nyumbani. Hivyo kipimo kimoja chaweza kumpa baba faraja ya uongo na mama hofu ya bure.

Hata hivyo, akina mama wasijisahau. Kabla ya kukoma hedhi miili yao huwa na kinga kiasi; baada ya hapo presha yao hupanda upesi, na uzeeni huwafikia wanaume, hata kuwapita. Aidha, mimba iliyopita wiki 20 yaweza kuleta presha iletayo kifafa cha mimba. Mjamzito mwenye kuumwa sana kichwa, kuona ukungu machoni au kuumwa tumbo upande wa juu apelekwe hospitali mara moja. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo hana budi kupimwa kila mwaka hata baada ya kujifungua.

Tufanyeje basi? Mfanyakazi wa mjini aendapo likizo kwa wazee wake, pamoja na sukari na vitenge, achukue pia mashine ya kupimia presha, ile ifungwayo juu ya kiwiko. Mpimwaji aketi kimya dakika 5, aegemeze mgongo, nyayo zikanyage chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo asivute sigara wala kunywa kahawa. Apimwe mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, na kila kipimo kiandikwe. Wastani ukifika 135 kwa 85 nyumbani, amwone daktari. Atumiaye dawa asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Na mama aendapo kliniki safari ijayo, baba naye afuatane naye, akunje mkono wa shati, apimwe.