MIKUMI SIO SAHARA, MSHIKAJI!

Haya, tuambiane ukweli. Siku hizi kila mwenye simu ya kueleweka ni mpiga picha, na akipita Mikumi kwa basi la Iringa au Mbeya lazima simu itoke dirishani. Barabara ile inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Twiga unawaona bure, tembo ukiwa na bahati. Kasheshe ni kwamba picha ya basini inatoka imepooza kama chai ya jana: mbingu nyeupe, nyasi za kahawia, swala kama punje ya mchele. Ndiyo maana vijana wamevamia mtindo wa kulaza picha ya pili juu ya ile ya kwanza, ili ionekane kongwe, yenye mikwaruzo, kama imechorwa. Ikikubali, ni bomba ile mbaya!

Mtindo wenyewe si mgeni. Enzi za chumba cha giza mafundi walilaza filamu yenye chengachenga pamoja na negativu. Kule Lamu marehemu Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha za watu na maua, watu wakabaki midomo wazi. Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990 haikuwa na leya; zilikuja na toleo la tatu, mwaka 1994. Leo Snapseed inafanya kazi hiyo kwenye simu, tena bure.

Kwa mikwaruzo, Kilosa ni duka. Ukuta uliobanduka chokaa, bati lenye kutu, gunia la mkonge, tope la kando ya Mto Mkondoa likishakauka na kupasuka. Piga kwa karibu, simu iwe sambamba na ukuta, kivuli chako kisiingie. Ukifika nyumbani, iondolee rangi kwanza, la sivyo kutu itamgeuza pundamilia kuwa wa kahawia.

Kisha ilaze juu ya picha yako. Kuna hali ya kutia giza: cheupe kinapotea, nyufa tu zinabaki. Ya kung'arisha ni kinyume chake, na inafaa sana kwa vumbi. Ya tatu inakoleza giza penye giza na mwanga penye mwanga. Hiyo ndiyo kipenzi changu kwa mbingu ya Mkata mwezi Oktoba, maana mbingu ile haina kitu. Ukali upunguze mpaka robo hivi. Halafu rudi kwenye orodha ya hatua ulizopitia, chukua brashi, upake pale unapotaka tu. Mnyama mwache. Nyufa zikipita kwenye jicho la simba huna simba tena, una kigae.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na washikaji. Niliwahi kuonyeshwa kijiweni picha ya Mkata iliyolazwa nyufa za tope, chini imeandikwa eti Kilosa imegeuka jangwa. Jangwa la wapi? Mkata ni bonde la mafuriko, masika gari linazama! Na Kilosa hiyo hiyo ndiyo iliyopigwa na maji mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maelfu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika.

Mtu atasema ni sanaa, bwana, tuache. Sawa, ukutani kwako. Lakini wilaya hii inajua bei ya uvumi wa ardhi na malisho. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wewe leo upasue ardhi kwa kidole, uweke ng'ombe juu yake, urushe kwenye makundi ya simu kwamba malisho yamekwisha... Huo si urembo tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamsubiri anayesambaza uongo kwa nia ya kudanganya: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Hata wakubwa wa magazeti hawataki mchezo. Mwaka huo huo mashindano ya World Press Photo yalitupa nje asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho kwa kuchezewa.

Mimi za kwangu naziandika pembeni kuwa zimepambwa, na bado zinanunuliwa. Kwanza mteja wa kadi hataki ushahidi, anataka twiga mzuri.

Ukiipeleka kuchapwa, itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana, na chengachenga ulizozitolea jasho zinageuka ukungu. Na kabla ya kupiga ukuta wa mtu, piga hodi. Mzee mmoja Kilosa alinikuta nimeinamia bati lake la kutu, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimetumwa na watu wa bomoabomoa.